Mtoto Aliyeandika "Ndaa"

Daftari lilikuwa la msichana wa Gredi ya 2 mjini Lamu. Mama yake alinipa nilitazame kwa kuwa mimi ni "mtu wa Kiswahili", akitaka nimweleze kwa nini bintiye anaanguka somo ambalo ndilo lugha ya nyumba nzima. Mtoto alikuwa ameandika habari za paka wake. Paka alikuwa na ndaa, akatoka nje, akapotea ndia. Maneno hayo mawili yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake pameandikwa njaa na njia. Alama nne kwa kumi. "Haya ndiyo maneno ya nyanyake," mama akasema. "Niende nimwambie bibi mzima kwamba hajui Kiswahili?"

Mwalimu, kijana wa bara aliyejifunza Kiswahili chake darasani, alikuwa akifuata kipimo alichopewa. Kipimo chenyewe kina tarehe. Mwaka 1928 watawala wa kikoloni walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikaanza kazi ya kusanifisha. Kiamu kikabaki nje, ingawa ndicho lahaja ya utenzi wa Al-Inkishafi na ya tungo nyingine nyingi. Mtoto yule aliandika Kiswahili kikongwe kuliko kipimo kilichomwangusha.

Nilipomsindikiza mama shuleni, kilichonikaa zaidi kilikuwa ukutani. Juu ya ubao palibandikwa bendera za mataifa ishirini na kitu, na chini yake salamu kwa rangi: Bonjour, Hola, Ni hao, Konnichiwa. Kaunti ya Lamu ina Wabajuni, Waboni, Waorma, Wapokomo, Wasomali, na kule Mpeketoni Wakikuyu waliohamia tangu miaka ya 1970. Ukutani hapakuwa na salamu hata moja ya watu hao. Mtoto wa Kiorma anayeketi dawati la tatu angeweza kumsalimia Mjapani ambaye hatamwona, na asijue mwenzake wa dawati la nne husema nini akiamka.

Hapo ndipo lilipo tatizo ninalotaka kulichambua. Shule zetu za msingi, za ada ndogo na za ada kubwa, zimeanza kusema sana juu ya mtazamo wa kimataifa, uraia wa dunia na maneno ya namna hiyo. Wakati huohuo zinaziacha lugha za nyumbani getini. Mimi nashikilia kwamba mambo haya mawili hayaendi pamoja: darasa lisiloisikia dunia iliyoketi kwenye madawati yake halina njia ya kuifundisha ile iliyo ng'ambo, likabaki na karatasi za rangi.

Neno "kimataifa" lina kwao katika elimu. Mwaka 1924 ilifunguliwa shule mjini Geneva kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi la Kimataifa. Wazazi walitoka nchi nyingi, na walitaka shule ambayo haitamgeuza mtoto kuwa Mwingereza au Mfaransa. Katika mji huohuo, mwaka 1968, likaundwa shirika la Baccalaureate ya Kimataifa, na programu yake ya shule za msingi ikaanza 1997. Kwetu shule za aina hii zilitangulia hata programu hiyo: ile ya Tanganyika, Dar es Salaam, ni ya 1963, ya Moshi ni ya 1969. Wazo lililo katikati naliheshimu: mtoto ajue kwamba mwenzake, pamoja na tofauti zake, naye huenda yuko sahihi. Lakini kwa miaka mingi shule hizo zilifundisha kwa Kiingereza au Kifaransa, na Kifini au Kiamhari cha mtoto kikaachiwa mama yake na likizo. Baadaye ndipo shirika lilipozitaka shule zake ziandike sera ya lugha na zioneshe jinsi zinavyozitunza lugha za nyumbani za wanafunzi. Hata waliolianzisha neno, basi, ilibidi warudi nyumbani kulimalizia.

Sisi tuna kumbukumbu nyingine. Msomaji wa Kenya aliyesoma miaka ya sabini, themanini, hata tisini, atakumbuka kile kibao. Wengine waliita disiki, wengine monto. Kilikuwa kipande cha mbao, cha bati, kwingine mfupa, kimefungwa kamba. Asubuhi anakabidhiwa wa kwanza kukamatwa akisema lugha ya kwao. Yeye anamvizia mwenzake, anamvisha. Jioni mwenye kibao anataja aliyempa, naye anamtaja aliyempa, mpaka mstari mzima uko mbele ya mwalimu unangoja kiboko. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mambo haya katika kitabu chake cha 1986 cha kuikomboa fikra: shuleni kwao kilikuwa ni kifungo kilichopita mkono kwa mkono.

Wengi wetu tulidhani ni uovu wa mkoloni wa hapa. Kumbe kibao kimetembea. Huko Wales, karne ya 19, watoto waliosema Kiwelisi walivishwa shingoni ubao wenye herufi mbili, na ukapita kwa mtindo huohuo wa kuviziana. Brittany, Ufaransa, kulikuwa na kitu cha namna hiyo. Okinawa, mwanzoni mwa karne ya 20, shule za Japani ziliwavisha watoto kibao cha lahaja. Sijui mwalimu wa Murang'a au Kakamega alikipata wapi, ila kanuni zake zinafanana hadi kwenye viboko vya jioni. Ukitafuta kitu cha kimataifa kweli katika historia ya shule zetu, ni kibao. Tofauti ni kwamba Wales walikiweka makumbusho: leo wana shule za kufundisha kwa Kiwelisi, na serikali yao imejiwekea lengo la wasemaji milioni moja kufikia 2050. Kwetu kamba imekatwa lakini kanuni ipo. Tazama mabango kwenye kuta za shule za akademia, yanayoagiza Kiingereza tu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na Kiswahili Ijumaa. Lugha ya tatu haitajwi, haikupewa siku.

Kwenye karatasi tuko vizuri kuliko kuta hizo. Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha ripoti iliyosema wazi kwamba mtoto hufundishika vyema kwa lugha ya mama, na tangu 2000 kuna siku ya kimataifa ya lugha ya mama, Februari 21, kwa kumbukumbu ya wanafunzi waliouawa Dhaka mwaka 1952 wakidai Kibangla. Tume ya Ominde, 1964, iliipa Kenya Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi, 1976, ikarudisha lugha ya eneo la shule kwa madarasa ya chini, na vikachapishwa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha kadhaa. Katiba ya 2010 inaiagiza serikali ikuze lugha za kiasili. Mtaala wa umilisi ulioanza madarasani 2019 una somo la lugha hizo Gredi ya 1 hadi ya 3. Uganda ina mtaala wa aina hiyo tangu 2007: lugha ya eneo hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza la nne. Rwanda ilihamia Kiingereza 2008, ikarudi Kinyarwanda kwa madarasa ya chini 2011, ikatangaza Kiingereza tena 2019. Watoto wa nyumba moja, wakifuatana kwa miaka michache, wangeweza kuanza shule kila mmoja kwa amri tofauti.

Tanzania inahitaji kutazamwa kwa utulivu, maana sisi wapenzi wa Kiswahili hatupendi kuambiwa hili. Uamuzi wa 1967 wa kufanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule zote za msingi ni mojawapo ya kazi kubwa za Afrika huru. Uliwapa mamilioni lugha moja ya kuhesabia, kubishania na kuoania. Na haukuwafungia dunia nje: Nyerere mwenyewe alimleta Shakespeare kwa Kiswahili, akatafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na baadaye Mabepari wa Venisi. Ukitaka mfano wa mtazamo wa kimataifa uliopitia mlango wa nyumbani, ni huo. Lakini nchi ina lugha zaidi ya 120, na hakuna hata moja ya hizo nyingine iliyopewa kiti darasani. Mtoto wa Kisukuma wa kijijini Maswa, wa Kimaasai wa Simanjiro, wa Kihadza wa Eyasi, huingia darasa la kwanza akikutana na Kiswahili kama mtoto wa Kinondoni anavyokutana na Kiingereza. Tumezoea kulia kwamba Kiingereza kinamnyamazisha mwanafunzi wa sekondari. Kilio hichohicho kimekuwapo kwenye madarasa ya chini, kwa lugha ambazo hatukuzisikiliza.

Kwa nini lugha ya nyumbani iwe na uzito huo? Jambo la kwanza ni kusoma kwenyewe. Mtu hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishagundua kwamba alama hii ni sauti ile, na sauti zikikaa pamoja ni neno analolijua, ugunduzi huo huhamia lugha yoyote atakayoongeza. Ila sharti neno alijue. Mtoto akitamka kwa shida "m-bu-zi", uso wake hubadilika: mbuzi amefika. Akitamka neno la lugha asiyoijua anapata mlio tu, na huendelea kutoa milio hadi darasa la tano, akisifiwa kwamba anasoma. Jambo la pili liliwekwa wazi na Jim Cummins wa Kanada tangu mwishoni mwa miaka ya 1970: lugha ya uwanjani na lugha ya somo ni mbili. Mtoto huokota ile ya kuchezea kwa mwaka mmoja au miwili; ile ya kuelezea kwa nini maji hukauka kwenye sufuria huchukua miaka mitano hadi saba. Mwalimu anayemsikia akiomba ruhusa ya kwenda msalani kwa Kiingereza safi humdhania amefika, kumbe ameshika mpini tu. Uganda inapobadilisha lugha mwaka wa nne, inamhamisha mtoto wakati mzizi ndiyo kwanza unashika.

Lakini hoja za kusoma na kufaulu, hata zikiwa na nguvu, zinaweza kumfanya mtu aione lugha ya nyumbani kama ngazi: ikishakupandisha, unaipiga teke. Mimi nina hoja nyingine, na nitaionesha kwa saa ya ukutani.

Mtoto wetu huingia darasani saa mbili asubuhi. Kitabu cha Kiingereza kinasema ni nane. Saa tano ya uji, kwenye kitabu, ni kumi na moja. Katika madarasa mengi jambo hili humalizwa kwa sentensi moja: nyumbani mnasema vibaya. Sasa mfikirie mwalimu anayechora saa mbili ubaoni, moja ya nyumbani, moja ya kitabuni, kisha anauliza zimepishana ngapi. Sita. Je, sikuzote? Watajaribu saa nne, watajaribu saa sita mchana, itakubali. Watafika saa tisa alasiri, waongeze sita, wapate kumi na tano, wakwame. Mmoja atakumbuka kwamba saa huzunguka, atatoa kumi na mbili, atapata tatu. Hiyo ni hesabu ya kweli, na wameigundua wenyewe. Kisha aulize: kwa nini sita? Kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na karibu na Ikweta jua halikuangushi, huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Na kule kaskazini mwa Ulaya, ambako kiangazi kunapambazuka usiku wa manane na kipupwe jua linachelewa hadi watoto wako shuleni? Wangehesabu kuanzia wapi? Mtoto wa miaka minane ataona mwenyewe kwamba Mzungu hakukosea, na bibi yake hakukosea. Kila mmoja aliangalia anga lake. Mwalimu akiongeza kwamba Waethiopia nao huhesabu kama sisi, amemaliza somo la jiografia pia. Gharama yake ni chaki.

Fanya hivyo na majina ya jamaa. Kiingereza kina neno moja kwa baba mkubwa, baba mdogo, ami na mjomba. Mpe mtoto achore ukoo wake kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiingereza, na aone nani amepotea njiani. Mwenzake Mluo au Mgiriama aoneshe wa kwao. Hakuna bango la bendera litakalofundisha tofauti za watu kwa undani huo. Nami nakiri sizipendi zile Siku za Utamaduni, ambapo watoto huvishwa kitenge, hula mahamri, hupigwa picha, na Jumatatu kibao cha Kiingereza kinarudi kazini.

Waswahili walio ughaibuni wanaujua upande wa pili wa jambo hili, kwani huko Kiswahili chenyewe ndicho lugha ya nyumbani isiyo na kiti. Uswidi ilifanya mageuzi mwaka 1977 yanayozitaka manispaa kuwafundisha watoto lugha ya nyumbani. Sheria yao leo ni ya kawaida sana: wakipatikana wanafunzi watano wa lugha moja na mwalimu anayefaa, lazima ifundishwe. Kiswahili kinafundishwa kwa njia hiyo. Marekani ni nchi ya kuvutana: California ilibana elimu ya lugha mbili kwa kura ya 1998, ikaifungua tena kwa kura ya 2016. Katika miaka ya karibuni Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa huko, wengi wakiwa na Kiswahili cha Kivu, na mara nyingi mzazi huambiwa na wenye nia njema aseme Kiingereza nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Ni ushauri mbaya. Baba mwenye Kiingereza cha miezi sita akiacha kumsemesha mtoto Kiswahili chake, huacha pia kumsimulia, kumkanya na kumuuliza maswali magumu.

Na kuna wakimbizi waliobaki jirani. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996, watoto wa Kikongo husoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, wakiandaliwa kurudi kwao. Wengi ni Wabembe, wanasema Kiswahili, na vijiji vya Kasulu vinavyowazunguka vinasema Kiswahili. Kule Kakuma, Kenya, iliyoanza 1992, watoto wa Sudan Kusini, Somalia na Kongo husoma mtaala wa Kenya, kwa Kiingereza na Kiswahili. Nyarugusu lugha ya darasa inatazama nchi ambayo mtoto wa kambini huenda hajaiona. Kakuma inatazama nchi ambayo hajaruhusiwa kuwa raia wake. Kibembe na Kinuer havimo katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili.

Mapingamizi nayajua, na baadhi yake ni mazito. Mwalimu ana watoto sitini na lugha nane, atazijuaje? Hahitaji kuzijua. Anachohitaji ni kuwaruhusu wanaosema lugha moja wajadiliane swali kwa lugha yao, kisha walete jibu kwa lugha ya darasa; bibi mmoja aje asimulie hadithi, watoto waitafsiri; hadithi fupi zichapishwe, maana mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unazitoa bure kwa lugha nyingi za bara hili. Wazazi wanataka Kiingereza? Ndiyo, na wana haki, kwa kuwa mtihani na kazi viko huko. Lakini kukitaka Kiingereza na kukianzisha siku ya kwanza ni mambo mawili, na ni kazi ya walimu kuwaeleza wazazi hivyo. Ufilipino inaonya kwamba si rahisi: iliingiza lugha za mama shuleni mwaka 2012, ikaondoa sharti hilo kwa sheria ya 2024 baada ya kulemewa na uhaba wa vitabu na walimu. Sera isiyo na vitabu ni hotuba.

Pingamizi la ukabila ndilo husemwa kwa sauti ya chini, na baada ya vurugu za Kenya za 2007 na 2008 halipaswi kudharauliwa. Hata hivyo, Rwanda ya 1994 ilikuwa na lugha moja. Burundi ina lugha moja. Somalia, karibu yote, ina lugha moja. Kilichowaua watu huko hakikuwa wingi wa lugha. Na mtoto wa Mpeketoni anayejua kumwamkia jirani yake kwa Kibajuni ana sababu moja zaidi ya kutomwogopa.

Mama wa Lamu nilimwambia amwandikie mwalimu, bila ugomvi, aombe jambo moja: neno la bibi lisikatwe, liandikwe pembeni la sanifu, yote mawili yasomwe kwa sauti darasani. Nyinyi wazazi mnaweza kuomba hivyohivyo, na walimu wakuu mnaweza kukubali bila kungoja waraka. Katika ratiba ya Kenya ya madarasa ya chini iliyopunguzwa masomo, Kiingereza kina vipindi 5 kwa wiki, Kiswahili 4, lugha ya kiasili 2, kila kimoja dakika 30. Jumla ya lugha ya kiasili ni saa moja. Shule nyingi huitumia kufidia hesabu. Irudisheni.